Uradi wa Hatibu

Watu wa Makorora walikuwa na hakika kwamba Hatibu bin Uweso amekuwa mcha Mungu. Zamani, alipokuwa kuli wa gatini, alikuwa mtu wa kuswali na kuondoka, na mara nyingine salaam ya pili haijamtoka vizuri ameshavaa makubazi. Sasa, tangu masika yale alipoacha kazi, kila Ijumaa alikuwa wa mwisho kutoka msikitini. Wenzake walitoka, wakaamkiana barazani, wakanunua kashata, wakaenda zao, na yeye bado ameketi kando ya nguzo ya nyuma, tasbihi mkononi, midomo inacheza. "Mwacheni Hatibu," walisema, "ana uradi mrefu huyo." Wazee walimtolea mfano kwa vijana wao wasiotulia.

Uradi gani! Hatibu alikuwa hawezi kuinuka.

Swala yenyewe aliiweza kwa jasho. Ijumaa ni rakaa mbili tu, naye alisimama karibu na nguzo, akashuka kwa kuishika na kupanda kwa kuishika, meno ameyauma, na machozi yaliyomtoka watu waliyadhani ya unyenyekevu. Lakini akishaketi akatoa salaam, mgongo ulifunga, na miguu iliyo chini yake ikawa kama ya mtu mwingine. Basi alingoja. Alingoja msikiti uwe mtupu, halafu akajilaza ubavu, akatambaa mpaka kwenye nguzo, akaikumbatia na kujivuta juu kidogo kidogo. Siku nyingine zote aliswali nyumbani, ameketi kitandani, mlango umefungwa. Ijumaa ndiyo asiyoweza kuikosa, maana Ijumaa watu hutazamana.

Alikuwa na maradhi mawili, mgongo na haya, na kati ya mawili hayo, haya ndiyo iliyokuwa kongwe.

Ila mgongo nao haukuwa mchanga. Hatibu alizaliwa Tongoni, na ujanani alikuwa mkwezi wa minazi, hodari wa kupanda na mjeuri wa kushuka. Siku moja kuti alilolishika lilikatika, akaja chini nalo. Walimpiga chuku ya kunyonya damu mbovu, wakamchanja mgongo kutoka mabegani mpaka kiunoni na kumsugua dawa, akalala wee mpaka watu wakazoea kumwona amelala. Mwisho akapona, kwa kupona kwa watu wa pwani, yaani aliinuka. Tangu hapo baridi ya kusi ikiingia, mgongo ulimkumbusha mnazi ule. Mkewe Mwanamkasi alimkanda usiku kwa mafuta ya nazi yaliyochemshiwa kitunguu thaumu, na asubuhi mtu alikwenda kazini.

Mjini hakumwambia yeyote habari ya mnazi. Gatini miaka ile vibarua walijipanga langoni kila alfajiri, na mnyapara akapita akinyoosha kidole: wewe, na wewe, na wewe. Kidole hicho hakimwelekei anayeshika kiuno. Kwa hiyo Hatibu alisimama wima kuliko wote, akaitwa kila siku, akapakia marobota ya katani matisharini, mashua zile pana za kupelekea mizigo melini, mwaka hadi mwaka, mpaka akawa mtu mzima mwenye mvi na heshima yake.

Ndipo ikaja siku ya robota. Ilikuwa masika, na ubao wa kushukia kwenye tishari ulikuwa umelowa. Watu wanne walikuwa wakiliteremsha robota, likateleza. Mnyapara, Mselem bin Jumbe, akapiga ukelele, "Shika!" Watatu waliruka kando, kama afanyavyo mtu mwenye akili zake. Hatibu alishika. Alisikia kitu kinakatika chini ya mgongo, akaketi pale pale juu ya ubao, mvua inamnyea, akashangaa kwamba halii.

Aliyemweleza habari ya fidia alikuwa Asheri, kijana wa Kishambaa, karani katika ofisi ya Leba, yaani ya mambo ya wafanyakazi, aliyepanga nyumba ya tatu kutoka kwao. Alisema ipo sheria sasa kwamba mtu akiumia kazini, mwenye kazi humlipa. Hatibu akashtaki. Kampuni ya matishari ikajibu kwamba mgongo huo ulikuwa mbovu siku nyingi na daktari ameona hivyo katika picha ya mifupa. Siku ikawekwa ya kusikilizwa maneno ya pande zote mbili.

Ilikuwa lazima ashinde. Chumba cha Makorora kilikuwa kinalipiwa kwa vitumbua vya Mwanamkasi, na vitumbua vina kikomo. Kaka yake, Sadalla, alikwisha kumletea salamu kutoka Tongoni: rudi nyumbani, hatukosi cha kukulisha. Neno jema, na kila Hatibu alipolikumbuka alisukuma sahani kando. Sadalla alikuwa na wake wawili na ulimi mmoja mrefu. Akipata fidia, Hatibu angefungua banda la mkaa kule Nguvumali, aketi, auze, ale chake. Asipoipata, angekwenda kuketi barazani kwa kaka yake na kusimangwa kwa kila tonge.

Jioni ya kuamkia siku hiyo walikuwa wamekwisha kula, Hatibu yuko juu ya mkeka.

"Baba Saleha," akasema Mwanamkasi, "kesho utanena nini huko?"

"Nitanena mgongo wangu ulikuwa mzima wa chuma mpaka siku ya robota. Wenzangu wote gatini wanambia hivyo. Ukisema uliwahi kuumwa, umekwisha."

"Na mnazi?"

"Mnazi gani? Wauona hapa?"

"Na chanjo, je?"

"Nitavaa shati."

Mwanamkasi akacheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka na mzito wa kudanganywa. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema. "Na weye hata kifo hakikungoji, utaumbuliwa na vifungo vya shati. Sema kweli, bwana. Mtaka cha uvunguni sharti ainame."

"Wanitukana sasa? Kuinama ndiko kulikonishinda."

"Kuinama kwa moyo, bwana wee. Huko nako kumekushinda kabla ya robota." Halafu akaona uso wake, akaja kumnyanyua.

"Funga mlango kwanza," akasema Hatibu.

Alisema hivyo kila siku. Mwanamkasi akaenda akafunga mlango, akarudi, akampitisha mikono kwapani na kumwinua, naye Hatibu akafumba macho mpaka aliposimama.

Asubuhi alifika ofisi ya Leba mapema, kwa mwendo wake mpya, kama mtu aliyejitwika mtungi uliojaa. Asheri alimlaki ukumbini.

"Shikamoo, mzee Hatibu."

"Marahaba, mwanangu. Leo ndiyo leo."

"Mimi ni karani tu, mzee, siruhusiwi kukufundisha la kusema. Ila useme kweli."

"Kweli, ndiyo," akajibu Hatibu, na moyoni akaona kwamba kijana huyu ni wa milimani, gati haijui.

Bwana Leba, mkuu wa ofisi, alikuwa Mzungu mtu mzima, mpole, mwenye mafua yasiyokwisha. Kiswahili alikijua, ila palipokuwa na kona Asheri alimsaidia. Upande wa kampuni aliketi msimamizi wao, kijana wa Kizungu mwenye kaptula iliyopigwa pasi hata ikawa na makali.

"Kabla ya siku ile," akauliza Bwana Leba, "uliwahi kuumwa mgongo?"

"Sijawahi, Bwana."

"Hukuanguka mahali?"

"Sikuanguka, Bwana."

"Daktari anasema mifupa ya kiunoni ililika zamani. Vua shati nitazame."

Hatibu akaanza kufungua vifungo, kimoja kimoja, akimkumbuka Mwanamkasi kwa kila kifungo. Aligeuka. Chanjo zilikuwa zimejipanga mgongoni, nyeusi, kushoto na kulia ya uti, kuanzia mabegani mpaka zilikopotelea ndani ya msuli alioufunga kiunoni.

"Hizi ni nini?"

"Urembo, Bwana."

Asheri akakohoa. Bwana Leba akapenga kamasi taratibu, akakunja leso yake. "Urembo mgongoni," akasema, "mahali usipoweza kujiona?"

Hatibu aligeuka kuwaelekea. Alivaa shati lake, na masikio yalikuwa yanamwaka moto.

Msimamizi alisema kwamba hayo yanatosha. Mgongo ulikuwa mbovu tangu zamani, na kampuni haikuuharibu. Tena haukuzidi ubovu hata kidogo baada ya siku ya robota, na shahidi anaye. Akaitwa Mselem, yule mnyapara. Akaingia na kofia yake ya kazi mkononi, akatazama sakafu. Yeye na Hatibu walikuwa wakazi wa mtaa mmoja na waumini wa msikiti mmoja.

"Umemwona Ijumaa hizi?" akaulizwa.

"Nimemwona, Bwana."

"Huswali vipi?"

"Kama sisi, Bwana. Hurukuu, husujudu." Halafu, kwa kuwa Mselem hakuwa mtu mbaya, na alitaka angalau amsifu mwenzake mbele ya Wazungu, akaongeza: "Tena hutushinda sote. Sisi hutoka, yeye hubaki. Ana uradi mrefu sana."

Hatibu alitamani ardhi ipasuke. Sifa ile aliyoitunza kila Ijumaa kwa jasho na machozi ilikuwa imeketi upande wa kampuni, ikimtolea ushahidi.

"Kama anainama leo kama alivyoinama jana," akasema Bwana Leba polepole, "basi kazi imemwongezea nini? Nitafikiri. Rudini saa nane."

Nje adhana ya adhuhuri ilikuwa inasikika. Msikiti mdogo haukuwa mbali. Mselem alimfuata Hatibu, akapunguza mwendo ili waende pamoja, akidhani ni huzuni inayomfanya mwenzake atembee vile.

"Usinione mbaya, yakhe. Nimeulizwa, nikasema nilichokiona."

"Hukusema uwongo," akajibu Hatibu. "Mwongo alikuwa mmoja tu mle ndani."

Mselem akatangulia kutawadha.

Msikitini mle nafasi iliyobaki ilikuwa safu ya nyuma, katikati, na hapakuwa na nguzo. Hatibu alisimama, akapigwa na mawazo. Akiswali kwa kuketi, Mselem ataona, naye atasema: tazama, juzi anasujudu, leo kaona fidia inamponyoka, kaketi. Akisujudu, atakuwa anathibitisha kwa mgongo wake mwenyewe yaliyosemwa asubuhi. Akachagua kusujudu. Afadhali akose fidia kuliko kuitwa mnafiki mbele ya mihirabu. Ndivyo alivyoona, maskini, na wala hakukumbuka kwamba Mungu alimruhusu kuketi siku nyingi, na kwamba hizo Ijumaa zote hakuwa akimwinamia Mungu bali majirani.

Adhuhuri ni rakaa nne. Ya kwanza aliiweza. Ya pili aliinuka kwa viganja na magoti, akichelewa nyuma ya imamu. Ya tatu hakumbuki aliipitaje. Ya nne aliposhuka, alijua kwamba amefika. Aliketi, akasoma, akatoa salaam kulia na kushoto, na mgongo ukafunga.

Watu wakaanza kutoka. Hatibu akatoa tasbihi.

Msikiti ukawa mtupu. Alitazama kulia, akatazama kushoto: ukuta ulikuwa mbali, na mkeka ulikuwa laini usio na pa kushika. Akasikia makubazi mlangoni. Mselem alikuwa amerudi.

"Hatibu, twende, yakhe. Uradi utamaliza nyumbani. Bwana Leba hangoji mtu."

"Tangulia."

"Nitangulie vipi, nao wanatutaka sote? Inuka, bwana."

Hatibu aliendelea kuzungusha punje za tasbihi. Aliweza kusema kichwa kinamuuma. Aliweza kusema amebakiza kidogo. Mdomo wake ulikwisha kuzoea hayo. Lakini alikuwa amechoka, amechoka kuliko siku yoyote ya gatini, na humo msikitini mlikuwa na baridi nzuri na kimya, na mtu mmoja tu mlangoni.

"Mselem," akasema, "njoo uniinue."

"Nini?"

"Siwezi kuinuka."

"Huwezi vipi, nawe sasa hivi umesujudu?"

"Siwezi hivi unavyoniona. Kila Ijumaa siwezi. Nawangoja mtoke, kisha natambaa mpaka kwenye nguzo ile ya nyuma. Hapa hakuna nguzo."

Mselem alivua makubazi aliyokwisha kuvaa, akaja, akachuchumaa mbele yake. "Na uradi?"

"Uradi gani, Mselem? Nilikuwa nahesabu miguu inayotoka."

Mnyapara yule, aliyekuwa na sauti ya kusikika kutoka gatini mpaka melini, alikosa sauti. Akampitisha mikono kwapani, kama Mwanamkasi, ila hakuujua mgongo ule kama Mwanamkasi, akamvuta kwa haraka, na Hatibu akapiga kelele. Haikuwa kelele kubwa, lakini Mselem alimshikilia asianguke. Wakasimama hivyo, wamekumbatiana katikati ya msikiti, mpaka miguu ya Hatibu ikamrudia.

Njiani Hatibu alimweleza habari ya mnazi wa Tongoni.

"Nilijua una kitu," akasema Mselem. "Kusi ikivuma ulikuwa ukishukia tishari ubavu ubavu. Nikanyamaza, maana kazi uliifanya, na wengi wenye migongo mizima hawakuifanya vile." Wakaenda kidogo. "Siku ile ni miye niliyepiga kelele ushike."

"Ni weye."

"Wenzio hawakushika."

"Wenzangu hawakuwa wanaficha kitu."

Saa nane wakarudi mbele ya Bwana Leba. Hatibu aliomba kusema kwanza. Alikataa kiti, kwa kuwa akiketi angehitaji kuinuliwa, na hilo alilisema hivyo hivyo, wazi.

"Bwana, asubuhi nimesema uwongo. Zile si urembo. Nilianguka mnazini ujanani nikachanjwa. Mgongo umeniuma miaka yote. Lakini ulikuwa ukiuma nikainuka, nikabeba. Tangu robota, siinuki. Mke wangu huniinua kutoka kwenye mkeka, na leo kaniinua huyu Mselem kutoka kwenye swala. Hiyo ndiyo tofauti ninayoijua miye."

Msimamizi alisimama, akasema neno la haki: mtu aliyedanganya asubuhi ataaminiwa kwa kipimo gani mchana? Bwana Leba akakubali kwa kichwa, akamgeukia Mselem.

Mselem alimtazama msimamizi wake, aliyemwandika kazi na aliyeweza kumfuta. Akaipindapinda kofia.

"Bwana, nilisema nimemwona akisujudu, na ni kweli. Kuinuka kwake baada ya salaam sijapata kukuona, kwa kuwa huwa nimekwisha kutoka. Leo nilirudi." Akamtazama Hatibu. "Na mgongo wake wa zamani niliujua. Nilimchagua langoni kila siku nao, akapakia sawa na watu. Siku ya robota nilimwambia ashike, akashika. Baada ya hapo sikumchagua tena, maana hakuja tena."

Bwana Leba alikunja leso yake, akaitia mfukoni. Kisha akasema, na Asheri akafasiri kwa sauti iliyomtoka kwa furaha ambayo karani hatakiwi kuwa nayo. Sheria haimtaki kuli aje kazini na mgongo mpya. Inauliza kazi iliukuta vipi, na imeuacha vipi. Mnazi ni wa Hatibu mwenyewe, na hapo kampuni haidaiwi. Lakini mgongo uliokuwa ukiinuka sasa hauinuki, na tofauti hiyo ni ya kampuni, nayo itailipa. "Na kwa urembo wako," akamwambia Hatibu, "ningeweza kukufukuza tangu asubuhi. Mshukuru rafiki yako."

Fidia haikuwa kubwa kama watu wa mtaa walivyoizidisha midomoni, ila iliwatosha. Banda la mkaa likasimama Nguvumali, na Sadalla akaletewa salamu kwamba hali ni njema. Mselem alinuniwa na msimamizi mwezi mzima, kisha zikaja meli tatu kwa mpigo, kampuni ikakumbuka sauti yake, na yakaisha.

Ijumaa Hatibu alisogeza kigoda mwisho wa safu, akaswali ameketi. Mara ya kwanza shingo ilimwaka moto. Mara ya pili ilipungua. Na imamu akitoa salaam tu, Mselem huja, humshika mkono, humwinua, nao hutoka pamoja mbele ya wengine wote kwenda kununua kashata.

Jioni moja Mwanamkasi alirudi bombani anacheka peke yake, ndoo kichwani.

"Baba Saleha, wajua wake za watu wanasema nini? Wanasema tangu upate fidia umepunguza ibada. Ati zamani hukutoka msikitini, na sasa wewe ndiye wa kwanza mlangoni."

Hatibu, aliyekuwa ameketi mkekani, alicheka mpaka kiuno kikamkataza. "Wana haki," akasema. "Wambie uradi wangu umekwisha."

Jua lilikuwa linashuka, na mtaa umejaa watu waliokuwa wakirudi kutoka kazini, wakipita mbele ya kizingiti chao. Mwanamkasi akatua ndoo, akapangusa mikono, akaenda kufunga mlango ili aje amwinue.

"Wacha mlango," akasema Hatibu. "Joto lote hili!" Akamnyooshea mikono yote miwili, na mtu mmoja njiani akaamkia, naye akaitikia kutoka pale pale chini.